Dalali anataka niuze nyumba kabla ya Julai, mke wangu hataki

BARUA

Ndugu Mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, umri wangu miaka 62, naishi Arusha upande wa Olasiti. Hii ni wiki ya pili sijalala vizuri, na nakuomba uisome barua yote kabla ya kunijibu.

Kiwanja hiki tulikinunua mwaka 1995, mimi na mke wangu, kwa Sh350,000. Huku kulikuwa mashamba ya mahindi. Umeme hakuna, maji tunayafuata mbali na ndoo kichwani. Mashahidi walikuwa balozi wa nyumba kumi na wazee wawili wa aliyetuuzia, na karatasi ya mauziano tuliiandika kwenye daftari la shule, nakala moja kwake na moja kwangu. Tulianza na chumba na sebule, tukahamia kuta hazijapigwa plasta. Mke wangu alikuwa anakaanga maandazi alfajiri, na kila akifikisha bei ya mfuko mmoja wa saruji ananunua, anauweka uvunguni mwa kitanda. Nyumba ilikamilika baada ya miaka kumi na minne. Ukiniuliza risiti, nitakuonyesha chache za mwaka 2014 tulipobadilisha bati, na zile za urasimishaji. Nyingine hazipo. Mafundi wa zamani hawakuwa wanaandika risiti, na mchanga tulikuwa tunanunua kwenye mkokoteni.

Mwaka 2019 urasimishaji ulipita mtaani kwetu. Tukalipia upimaji, tukapata hati. Hati ina jina langu peke yangu, kwa sababu siku ya kujaza fomu mke wangu alikuwa kwetu Kibosho, Kilimanjaro, akimuuguza mama yangu.

Nilistaafu mwaka 2023. Miaka yote ya kazi nilikuwa na hesabu yangu kichwani: mkupuo wa mafao ukitoka, namaliza nyumba ya Kibosho kwenye kihamba, shamba la ukoo, alichoniachia baba, tunarudi nyumbani kuzeeka. Lakini kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao, kilikuwa kimebadilika. Sisi tulizoea kuhesabu nusu, ikawa asilimia 33. Nyumba ya Kibosho imesimama kwenye linta, na mkopo wa Saccos bado haujaisha.

Tangu uwanja wa mpira uanze kujengwa kule Olmoti, hakipiti kipindi bila gari kusimama getini kuuliza bei. Mwezi wa tatu kijana mmoja dalali alimleta mteja mwenye shilingi milioni 95. Mteja ameipenda nyumba, na dalali amenipa maelezo yafuatayo.

Kwanza, niuze kabla ya Julai, kwa sababu Bunge la bajeti litapandisha kodi ya kuuza nyumba na mimi nitabaki mikono mitupu. Pili, kwenye mkataba tuandike milioni 40, ili TRA wasinikamue, na hizo nyingine nipewe mkononi. Tatu, kwa kuwa hati ina jina langu, sahihi ya mke haihitajiki. Nne, nitenge asilimia kumi ya mwenyekiti wa mtaa kwa ajili ya mhuri. Mteja yuko tayari kunipa advansi ya milioni 10 wiki hii hii.

Jirani yangu wa nyumba ya tatu aliuza mwaka 2011. Waliandikishana kwa mwenyekiti, wakanywa soda, yakaisha. Hakulipa TRA hata senti. Mimi nimefundisha watoto wa nchi hii miaka 36, naona kama Serikali imesubiri nizeeke ndipo ibadilishe kila kitu: mafao, hati, kodi. Kwa nini ni mimi?

Mke wangu hataki kuuza. Nikimuuliza sababu anasema, "Mimi hapa sitoki," halafu anaingia jikoni. Hajaniambia kingine.

Naomba unisaidie. Nichukue hiyo advansi? Nitalipa kodi kiasi gani nikiandika bei ya kweli? Na je, ni kweli naweza kuuza bila sahihi yake?

Mwalimu mstaafu,
Olasiti, Arusha


JIBU

Shikamoo Mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Naanza na la haraka kwa sababu dalali amekupa siku chache: usipokee hiyo milioni 10 wiki hii. Ukiipokea utakuwa umejifunga kwa mtu, kwa bei, na kwa mkataba wenye uongo ndani yake, na mkeo yuko jikoni hajasema lililo moyoni mwake. Mteja anayeitaka nyumba kweli atasubiri wiki tatu. Asiyeweza kusubiri wiki tatu kwa nyumba ya milioni 95, ni vizuri ukamjua mapema.

Sasa tuzungumze hilo la Julai, maana ndilo linalokunyima usingizi, na si wewe peke yako. Kila mwaka Waziri wa Fedha anasoma bajeti Dodoma mwezi wa Juni, Bunge linapitisha Sheria ya Fedha, na kwa kawaida mabadiliko ya kodi yanaanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo kila ikifika Mei mji huu unajaa maneno. Nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi za mawakili hapa Arusha kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuandika safu hii, na mwezi wa Mei ulikuwa mwezi wetu wa watu kuja mbio, jasho linawatoka, wanataka mkataba leo leo. Nawakumbuka kwa majina. Mama mmoja wa Kijenge, mjane, alikuja mapema Juni 2023. Alikuwa ameambiwa maneno haya haya uliyoambiwa wewe. Aliiachia nyumba kwa bei ya chini mno, kwa kuogopa Julai. Julai ilipofika, sheria iliyobadilika ilikuwa imemletea nafuu mtu wa aina yake. Nilipomweleza alikaa kimya kwenye benchi la ofisini kwetu muda mrefu, na mimi sikuwa na la kumwambia.

Nafuu yenyewe ni hii, na naomba uisome taratibu kwa sababu inakuhusu wewe moja kwa moja.

Mtu akiuza nyumba au kiwanja, kuna kodi ya ongezeko la mtaji. Mkazi wa Tanzania analipa asilimia 10 ya faida, yaani bei ya kuuzia ukitoa gharama za kununua, kujenga na kuboresha. Kwenye karatasi inaonekana ni haki tupu. Shida ni kwamba watu wetu hawajengi kwa risiti. Wanajenga kwa maandazi, kwa kibubu, kwa mfuko mmoja wa saruji uvunguni mwa kitanda. Ukifika mezani pa ofisa wa kodi huna la kuonyesha, basi karibu bei yote ya nyumba inahesabika kuwa faida. Wewe, kwa karatasi zako chache, tuseme ungeweza kuthibitisha milioni 18 tu kati ya yote mliyotumia tangu 1995. Faida ingekuwa milioni 77, na kodi Sh7,700,000. Watu walikuwa wanatoka pale wamepauka.

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ikaleta njia nyingine: mkazi asiye na kumbukumbu za gharama analipa asilimia 3 ya bei aliyouzia au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa kati ya hizo mbili. Kwa milioni 95 ni Sh2,850,000. Peleka TRA kila ulichonacho, ikiwemo ile karatasi ya daftari ya 1995, na uwaeleze kama ulivyonieleza mimi, kwamba za kujengea msingi na kuta hazipo. Usifiche risiti za bati ili uonekane huna kitu, na usitengeneze risiti za kale. Waambie ulivyojenga, hesabu ifanyike mbele yako, na uombe uipate kwa maandishi.

Ipo pia nafuu ya makazi binafsi, ambayo wengi hawaijui. Nyumba uliyoimiliki mfululizo kwa miaka mitatu au zaidi, na ukaishi humo kwa jumla ya miaka mitatu au zaidi, haitozwi kodi hii endapo faida haizidi shilingi milioni 15. Miaka unayo tele. Faida ndiyo inakutoa nje, kwa hiyo wewe hesabu yako ni ile ya asilimia 3. Naiandika hapa kwa faida ya msomaji mwingine mwenye vyumba viwili kule Muriet au Pasua ya Moshi, asije akalipa kitu asichodaiwa.

Bunge la mwaka huu litafanya nini, hilo litajulikana litakapofanyika. Wewe kwa sasa una sheria iliyopo mkononi, na inakuambia chini ya milioni tatu katika milioni 95. Kiasi hicho si cha kumfanya mtu auze nyumba ya maisha yake kwa kukimbizwa.

Tuje kwenye ile milioni 40.

Mwalimu, hesabu hii ungeweza kuwapa watoto wa darasa la sita. Ukiandika milioni 40, dalali anakuahidi kodi ya Sh1,200,000 badala ya Sh2,850,000. Umeokoa Sh1,650,000. Sasa rudi kwenye maneno ya sheria: bei au thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa. Kabla hati haijahamishwa nyumba inathaminiwa, na ripoti inaidhinishwa kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Mthamini atakuja Olasiti, atapima vyumba, ataona barabara, anajua viwanja vya huko vinauzwaje. Akiandika milioni 95, kodi yako ni ile ile. Akiandika milioni 110, utalipa asilimia 3 ya 110, ambayo ni Sh3,300,000, hata kama mkataba umeandika 40. Kwa hiyo ule uongo hauokoi chochote.

Ila hatari yake inabaki kwako nzima. Milioni 55 zinazotakiwa kuja mkononi hazimo kwenye karatasi yoyote. Mnunuzi akikupa 40 na kukuambia nyingine nakuletea Ijumaa, na Ijumaa ikapita, utamshtaki kwa mkataba upi? Utasimama mbele ya baraza la ardhi na nyumba useme, "Waheshimiwa, mkataba niliousaini ni wa uongo, naomba mnisaidie upande wa uongo ambao haukuandikwa"? Nimewaona waliofika hapo. Mmoja alikuwa mzee mwenye heshima zake kutoka Sakina, na alitoka na nusu ya bei ya nyumba yake.

Kuna jambo jingine sipendi kumdhania mtu vibaya, lakini nitakosa kazi yangu nisipolisema. Hapa mjini madalali wana kitu wanakiita cha juu. Wewe unaambiwa mteja ana 95, mteja anaambiwa mwenye nyumba anataka 110, na katikati kuna fedha inayoingia mfuko wa tatu. Mkataba wenye bei ya kubuni ndio unaoificha vizuri, kwa sababu pande zote mbili zimeshakubali kwamba namba iliyoandikwa si ya kweli, hakuna atakayeshangaa. Huyo kijana huenda ni mwaminifu. Njia ya kujua ni rahisi: kaeni wewe, mkeo na mnunuzi mbele ya wakili, umuulize mnunuzi kwa mdomo wake anatoa shilingi ngapi. Malipo yote yapite benki. Ujira wa dalali uandikwe wazi, na alipwe mauzo yakikamilika.

Umeuliza kwa uchungu, "Kwa nini ni mimi?" Uchungu huo naustahi. Kwenye mafao una haki ya kulia. Mtu amepanga maisha ya miaka 36 kwa hesabu ya nusu, anaambiwa mwishoni ni theluthi. Mwaka 2024 Serikali yenyewe iliongeza ile asilimia 33 kuwa 40, jambo linaloonyesha kuwa kilio cha watumishi kilikuwa cha kweli. Kama hujaenda kwenye mfuko wako kuulizia kama mabadiliko hayo yanawagusa waliostaafu mwaka wako, nenda kabla hujauza hata tofali.

Lakini kwenye nyumba, jirani yako wa 2011 hakuiwahi sheria. Kodi hii ilikuwepo tayari kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004. Yeye aliuza karatasi ya mwenyekiti, na karatasi ya mwenyekiti haipiti kwa Msajili wa Hati, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Wewe una hati, na Msajili hawezi kuihamisha kwenda jina jingine bila uthibitisho kwamba kodi imelipwa. Hapo unaona kama hati imekuponza. Jiulize pia jirani aliuza kwa shilingi ngapi. Mnunuzi wa milioni 95 haji kwenye karatasi ya daftari. Anakuja kwa sababu anaweza kufanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi akaona jina lako, akaenda benki akakopa kwa hati hiyo hiyo kesho. Sehemu kubwa ya bei unayopewa ni thamani ya ile karatasi yenye mhuri wa Serikali.

La mwenyekiti wa mtaa ni fupi. Asilimia kumi ya mhuri haimo katika Sheria ya Ardhi. Nyumba yenye hati inahamishwa kwa Kamishna wa Ardhi na Msajili, kwa fomu zao. Mwenyekiti mheshimu, mjulishe kwamba jirani mpya anakuja, akutambulishe endapo wakili atahitaji utambulisho. Akitaja fedha, mwombe namba ya malipo ya Serikali na stakabadhi. Milioni tisa na nusu ni nyingi kuliko kodi yenyewe, Mwalimu. Zinaezeka nyumba yako ya Kibosho.

Sasa nimefika mahali nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Jibu la swali lako la tatu ni hapana. Hati kuwa na jina lako peke yako hakukupi ruhusa ya kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkeo. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamlinda mwenza katika nyumba ya ndoa tangu kabla hamjanunua hicho kiwanja, na inampa haki ya kuweka zuio kwenye hati. Akienda kuliweka kesho asubuhi, dalali na mteja wake wote wamekwama. Na ukiuza kwa kificho, anaweza kwenda mahakamani mauzo yakabatilishwa, na wewe ukadaiwa fedha ambazo tayari umeshazitumia kupaua kule Kibosho. Wakili makini atadai ridhaa yake kwa maandishi kabla ya kushika kalamu. Yeyote atakayekuambia haihitajiki, usimpe hati yako hata kuishika.

Hiyo ni sheria. Lakini umeniandikia mwenyewe jambo ambalo nadhani hukulisikia ulipokuwa unaliandika. Jina lake halimo kwenye hati kwa sababu siku ya kujaza fomu alikuwa anamuuguza mama yako. Saruji ya uvunguni ni ya maandazi yake. Halafu sasa anaambiwa atoke kwenye nyumba hiyo aende kwenye kihamba.

Mimi ni mtoto wa Kilimanjaro, kwa hiyo niruhusu niseme ya nyumbani. Kihamba ni cha ukoo wako. Baba yako alikupa wewe, na wewe unafikiri kumpa mwanao wa kiume, ndivyo ilivyo kwetu. Wewe ukikiona, unaona makaburi ya wazee, migomba, na kahawa iliyobaki. Yeye akikiona anaona nini? Anaona mahali ambapo siku ukitangulia mbele za haki, shemeji zake wanaweza kukaa kikao juu yake. Nimeandika barua za wajane wa Marangu, Machame, Old Moshi na huko huko Kibosho, wanawake waliouza cha mjini wakarudi na waume zao, na miaka mitatu baadaye wako kwa wakili na mfuko wa nguo. Siwezi kuapa kwamba hilo ndilo lililo moyoni mwa mkeo. Lakini mwanamke anayesema "Mimi hapa sitoki" na kuingia jikoni, aghalabu hazungumzii kuta wala mabati.

Kwa hiyo jioni moja wiki hii zima redio. Usianze na bei wala Julai. Muulize anaogopa nini kule Kibosho, kisha unyamaze mpaka amalize, hata kama atasema mambo ya ndugu zako yatakayokuuma.

Na uende kwake ukiwa na kitu mkononi, si maneno matupu. Vipo viwili.

Cha kwanza ni kihamba chenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji inaweza kupatiwa hati ya hakimiliki ya kimila, na hati hiyo inaweza kuandikwa majina ya mke na mume pamoja. Panda Kibosho, zungumza na kaka zako kwanza ili mambo yasionekane ya kificho, kisha nenda halmashauri ya kijiji mkaanze utaratibu. Kaka zako wakikataa jina la mkeo kuingia, basi umepata jibu la kwa nini anakataa kuhama, na umelipata kabla ya kuuza badala ya baada.

Cha pili, kama mtauza, fedha iingie kwenye akaunti yenye sahihi zenu wote wawili, na hilo liandikwe ndani ya mkataba wa mauzo: kiasi hiki akaunti hii. Mnunuzi halimgharimu kitu.

Lipo na la tatu ambalo hukuniuliza. Je, lazima kuuza? Nyumba yenye umeme, maji na hati, karibu na uwanja unaojengwa kwa ajili ya AFCON ya 2027, haikosi mpangaji. Kodi ya mpangaji inaweza kubeba rejesho la Saccos huku nyumba ya Kibosho ikipanda polepole, kama hii ilivyopanda. Ni mwendo mrefu, na wewe una miaka 62, sitakudanganya kwamba muda haupungui. Lakini ninyi wawili mmeshajenga kwa mfuko mmoja mmoja, mnajua namna. Liwekeni mezani mlipime pamoja na la kuuza.

Mkikubaliana kuuza, mambo yatakayobaki ni ya miguu tu, na siku hizi miguu imepungua. Mimi nimepanda mabasi ya Moshi mara nyingi, hati za watu kwenye bahasha kifuani, kwa sababu usajili wa kanda yote ya kaskazini ulikuwa kule. Tangu mwaka 2020 mikoa ina ofisi zake za ardhi, kwa hiyo utaanzia hapa hapa Arusha. Hakikisha kodi ya pango la ardhi haidaiwi, maana deni dogo la miaka mitano lenye riba limewakwamisha wengi siku ya mwisho. Kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021, na kwa nyumba ya kawaida ni Sh1,500 kwa mwezi tangu 2023. Angalia tu kwamba mita yako imekuwa ikikatwa. Wakili atajaza fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, mthamini atakuja, TRA watakupa hesabu kwa namba yako ya mlipakodi, utalipa, watakupa cheti, na Msajili atahamisha. Ushuru wa stempu, asilimia 1, kwa kawaida ni wa mnunuzi, na kwenu ni Sh950,000. Hakikisheni mkataba unasema nani analipa nini, kwa sababu hapo ndipo watu waliokubaliana vizuri wanapogombana. Na hati halisi isitoke mikononi mwa wakili wako kwenda kwa mnunuzi mpaka benki ikuthibitishie fedha imeingia.

Dalali akikupigia, mwambie umeshauriwa, na kwamba bei itakayoandikwa ni ile itakayolipwa. Kama ataendelea kukutajia Julai, mwambie na yeye aje na mteja wake mezani kwa wakili, siku ambayo mama watoto atakuwa amekubali kukaa kiti cha pembeni yako.

Niandikie tena ukishazungumza naye. Ningependa kujua alijibu nini kuhusu Kibosho.

Wako,
Mshauri